P0480 imetokea? Usikimbilie kununua feni

Taa ya injini imewaka, umechomeka mashine ya kupimia kwenye ile soketi ya pini 16 chini ya dashibodi, na jibu limekuja: P0480, saketi ya kudhibiti feni ya kwanza. Wengi wakifika hapo macho hung'ang'ania neno "feni". Feni inaagizwa, inafungwa, na siku mbili baadaye taa inawaka tena. Neno lililopaswa kusomwa kwa makini ni "kudhibiti".

Kompyuta ya injini, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, haiioni feni kabisa. Kwenye magari yenye mpangilio wa kawaida inachokiona ni waya mmoja mwembamba unaokwenda kwenye koili ya rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme. Upande mmoja wa koili unapata volti 12 ukiwasha swichi, upande wa pili unaishia ndani ya kompyuta. Kompyuta ikitaka feni izunguke, inaupeleka waya huo kwenye ethi (yaani hasi), koili inapata nguvu, rilei inalia "tak", na umeme mzito unakwenda kwenye mota. Wakati feni haihitajiki, kompyuta inategemea kuona volti za betri kwenye waya huo, zikiwa zimepita kwenye koili. Ikitoa amri, inategemea volti zishuke hadi karibu na sifuri. Inachokiona kikipingana na ilichokiamuru, inaandika msimbo.

Kwa hiyo koili ikikatika, P0480 itatokea hata kama feni ni nzima kama siku ilipotoka kiwandani. Na mota ya feni ikiungua huku koili ikiendelea kulia vizuri, huenda usipate msimbo wowote, gari likachemka kimya kimya. Ukilishika hilo, kazi iliyobaki ni kujibu maswali mawili bila kuyachanganya: je, amri inafika kwenye rilei? Na je, umeme mzito unafika kwenye mota?

Kabla hujagusa kitu

Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Ukitaka kupeleka vidole karibu na mapanga yake, chomoa plagi ya feni kwanza. Kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa ya moto. Maji ya humo yako chini ya mgandamizo, joto lake linaweza kuwa limepita nyuzi 100, na ukiondoa mgandamizo yanageuka mvuke papo hapo, usoni kwako.

Halafu usifute msimbo. Mashine nyingi zinaweza kukuonyesha picha ya hali ilivyokuwa kosa lilipotokea: joto la injini, mwendo wa gari, wakati mwingine hata kama AC ilikuwa imewashwa. Iandike mahali. Kuchomoa betri nako kunaweza kuifuta picha hiyo, na kuna watu huchomoa betri kama hatua ya kwanza ya kila jambo.

Ndugu zake P0480

Mafundi wengi huita misimbo hii "kodi". Afadhali hii haina adhabu ya kuchelewa, maana ukitulia ukasoma zote zilizohifadhiwa utaokoa muda. P0481 ni feni ya pili, P0482 ya tatu. P0691 inasema volti kwenye waya wa amri wa feni ya kwanza ziko chini kuliko inavyotakiwa, P0692 kwamba ziko juu, na P0693 na P0694 ni hivyo hivyo kwa feni ya pili. P0526 inahusu sensa ya kasi ya feni, kwenye magari yaliyo nayo.

Ukikuta P0117 au P0118 pamoja na hiyo ya feni, anza na hizo. Zinahusu sensa ya joto la maji. P0118 mara nyingi ni waya uliokatika au plagi ya sensa iliyotoka, na mashine itakuonyesha injini ina nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hata bila kipimajoto unajua ni uongo. P0117 ni kinyume chake: waya umegusana na ethi, na joto linasomeka kubwa mno. Kompyuta isipoiamini sensa, kwenye magari mengi inawasha feni moja kwa moja ili kuilinda injini. Ukimwona mtu analalamika feni yake haizimi, huenda feni ndiyo inayofanya kazi vizuri kuliko vyote.

P0480 na P0481 zikija pamoja, tafuta kitu ambacho rilei hizo mbili zinachangia: fyuzi ndogo inayolisha koili, plagi moja, sehemu moja ya ethi. Rilei mbili kufa saa moja ni nadra.

Gari linachemka kwenye foleni, likikimbia linapoa

Hii ndiyo dalili halisi ya feni. Gari likiwa mwendoni upepo unaingia wenyewe kwenye rejeta, feni haina kazi kubwa. Likisimama, feni ndiyo upepo pekee. Ikiwa kwako ni kinyume, yaani joto linapanda kwenye mwendo mkubwa au mlimani na linashuka ukipunguza, iache feni. Angalia rejeta iliyoziba, pampu ya maji, temostati (vali inayofungulia maji injini ikipata joto), au mpira wa maji unaojikunja ndani.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. Washa injini, washa AC. Kwenye magari mengi feni itazunguka ndani ya sekunde chache bila kusubiri joto. Ikizunguka kwa AC lakini haizunguki kwa joto, tayari umeziondolea lawama mota, fyuzi kubwa na walau rilei moja. Mshukiwa ni sensa ya joto au rilei ya mwendo mwingine wa feni. Isipozunguka, bado usihukumu. Baadhi ya magari yakishaandika msimbo wa feni yanazuia kompresa ya AC kwa makusudi, na gesi ya AC ikiwa imepungua sana kompresa haiwaki, kwa hiyo feni inaweza isiitwe. AC isiyopoza kwenye gari lenye P0480 mara nyingi ni tatizo lilelile likiwa na sura nyingine.

Mashine yako ikiwa na uwezo wa kuiamuru feni iwake, itumie hapa. Sikiliza rilei. Ikilia na feni imekaa kimya, amri imefika na tatizo liko upande wa umeme mzito. Isipolia, tatizo liko upande wa amri.

Kuruka rilei

Chomoa rilei ya feni. Chini yake kwa kawaida kuna namba: 30 ni umeme unaotoka kwenye fyuzi, 87 unakwenda kwenye feni, 85 na 86 ni koili. Linganisha na matundu ya soketi, hakikisha kwa mita kwamba tundu la 30 lina volti za betri, kisha unganisha 30 na 87 kwa waya mnene wenye fyuzi njiani. Feni ikizunguka kwa nguvu, njia yote ya umeme mzito ni nzima.

Hapa pana mtego. Ukikosea ukapeleka volti 12 moja kwa moja kwenye tundu la waya wa amri, siku kompyuta itakapojaribu kuupeleka waya huo kwenye ethi itakuwa inafunga betri kwenye saketi yake yenyewe. Kilichokuwa tatizo la rilei kinageuka tatizo la kompyuta. Kama huna uhakika na matundu, usiruke.

Feni yenye moduli, ile yenye nyaya mbili nene na moja au mbili nyembamba, haina rilei ya kurukwa namna hii. Kompyuta inaipelekea mapigo ya umeme ya haraka, na urefu wa mapigo ndio unaoamua kasi. Pima kama nyaya nene zina volti za betri zikiwa na mzigo, kagua waya wa mapigo usiwe umekatika, na zaidi ya hapo tumia mashine inayoweza kuiamuru kwa asilimia.

Feni imezunguka uliporuka: tatizo liko kwenye amri

Badilisha rilei na nyingine yenye namba ileile ya kiwandani. Ya honi mara nyingi inafanana. Angalia mchoro uliopo kwenye kifuniko chake pia, kwa sababu rilei yenye dayodi ndani ina upande wa chanya na wa hasi. Ukitaka kuipima koili, rilei nyingi za magari husoma kati ya omu 50 na 120. Mita isiposoma chochote, koili imekatika. Ikisoma omu chache mno, koili imejifunga ndani, na huenda imekwisha kuumiza kompyuta.

Rilei ikiwa nzima, rudi kwenye soketi. Swichi ikiwa imewashwa, tundu moja kati ya 85 na 86 liwe na volti 12. Kama hakuna, kuna fyuzi ndogo imekatika mahali, na mara nyingi si ile iliyoandikwa "feni" kwenye kifuniko cha boksi. Tundu lingine ni la kompyuta. Weka waya mwekundu wa mita kwenye chanya cha betri na mweusi kwenye tundu hilo, kisha iamuru feni. Mita ikipanda karibu na 12, kompyuta inatoa ethi kama inavyopaswa. Usitumie taa kubwa ya kupimia kwenye waya huu. Inavuta umeme mwingi kuliko koili.

Mita isipopanda, kagua waya wenyewe kutoka soketi hadi plagi ya kompyuta, plagi ikiwa imechomolewa. P0691 inakuelekeza kwenye waya uliochubuka na kugusa bodi, au koili isiyopata chanya. P0692 inakuelekeza kwenye waya uliogusa chanya, au koili iliyojifunga kiasi kwamba kompyuta inashindwa kuzishusha volti. Uanzie wapi kutafuta? Kando ya fremu ya feni, chini ya kitako cha betri, na popote palipowahi kunyooshwa baada ya gari kugongwa mbele. Nyaya zilizofungwa upya baada ya ajali zinapenda kupita mahali zisipostahili.

Kompyuta ndiyo ya mwisho kushitakiwa. Ikiwa waya ni mzima, koili ni nzima, amri imetolewa na bado hakuna ethi, hapo ndipo uanze kuishuku.

Feni haikuzunguka: volti zipo, nguvu haipo

Sehemu hii ndiyo inayowapoteza watu wengi, na mimi mmoja wao. Niliwahi kupima plagi ya feni nikasoma volti 12.4, nikatangaza mota imekufa. Mota mpya ilipofungwa nayo ikakaa kimya. Kwenye soketi ya rilei kulikuwa na kikucha kimoja kimelegea na kugeuka rangi ya kahawia, kikipitisha umeme wa kuifurahisha mita tu.

Mita ya volti haivuti umeme wa maana. Waya wenye nyuzi 30 ukibaki na uzi mmoja, mita itasoma 12 bila aibu, lakini feni inayohitaji ampea 20 haitapata hata za kukohoa. Kwa hiyo pima kukiwa na mzigo. Chukua balbu ya taa kubwa ya mbele, ya wati 55, uiunganishe kwenye plagi ya feni badala ya mota. Ikiwaka kwa mwanga mkali, njia inaweza kubeba ampea nne na zaidi. Ikiwaka kama mshumaa, umempata mwizi, na hujanunua kitu.

Kipimo bora zaidi ni kutafuta volti zinazopotea njiani. Plagi ya feni ikiwa imechomekwa na umeme umeunganishwa, weka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye waya wa hasi wa feni, kwa nyuma ya plagi. Usomaji uwe sehemu chache za kumi za volti. Ukizidi nusu volti, safisha na ukaze ethi. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka kwenye chanya ya betri hadi waya wa chanya wa feni.

Hesabu yenyewe ni hii: kwenye ampea 20, kiungo chenye ukinzani wa omu 0.1 tu kinapoteza volti 2 na kinatoa joto la wati 40. Hilo ni joto la pasi ndogo ya kulehemia nyaya, likiwa limefungiwa ndani ya plagi ya plastiki. Ndiyo maana plagi za feni huyeyuka. Ukikuta imeyeyuka, badilisha plagi pamoja na vikucha vyake. Kusafisha kwa sandipepa kunaongeza wiki chache tu.

Volti zikiwa kamili zikiwa na mzigo na feni bado haizunguki, sasa ndiyo mota. Igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi huku umeme ukiwepo na mikono ikiwa mbali na mapanga. Ikishtuka na kuanza, kaboni zake zimekwisha. Fyuzi ikikatika kila unapoweka mpya, chomoa plagi uizungushe feni kwa mkono: ikiwa nzito au inakwaruza, mota inavuta kupita kiasi. Fyuzi ya ampea 30 ibaki ya 30. Ukiweka kubwa zaidi, kitakachokatika badala yake ni waya, na waya haukatiki bila moto.

Inazunguka kwa kasi moja tu

Magari mengi yana mwendo wa chini na wa juu. Kwenye baadhi, mwendo wa chini unapita kwenye resista. Ikiungua, feni inakaa kimya hadi joto lipande kiwango cha pili, halafu inanguruma ghafla. Kuna mpangilio mwingine wa feni mbili na rilei tatu: kwa mwendo wa chini umeme unapita feni ya kwanza kisha ya pili, kama taa za mapambo, na kwa mwendo wa juu kila feni inapata njia yake. Kwenye mpangilio huo mota moja ikifa, feni zote mbili zinagoma mwendo wa chini, na kwa mwendo wa juu inazunguka moja. Ukiona hivyo usihangaike na sensa.

Haizimi kabisa

Chomoa rilei. Feni ikiendelea, umeme unaingia baada ya rilei, pengine kwa waya wa mtu aliyewahi kuiunganisha moja kwa moja. Ikisimama, jaribu rilei nyingine, kwa sababu platini za ndani, vile vigusio vya rilei, huweza kushikana. Rilei mpya nayo ikifanya hivyo hivyo, amri kweli ipo: soma joto kwenye mashine, angalia P0117 na P0118, na ukague waya wa amri usiwe umegusa bodi.

Hakuna msimbo, hakuna feni, na gari linachemka

Linganisha joto la kwenye mashine na hali halisi. Temostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 90, na feni nyingi huitwa karibu na 95 hadi 105. Feni isiyozunguka kwenye nyuzi 88 haina kosa lolote. Lakini kama mashine inasema 80 na mpira wa juu haushikiki, sensa inakudanganya au imezungukwa na hewa badala ya maji. Hewa hubaki baada ya kubadilisha maji bila kuitoa vizuri, na gasketi ya silinda hedi iliyovuja huingiza nyingine kila siku. Kwenye magari ya zamani yenye swichi ya joto chini ya rejeta, temostati iliyoganda ikiwa imefungwa inaiacha rejeta baridi, na swichi haipati habari yoyote ya moto unaowaka ndani ya injini.

Na ikiwa feni inazunguka vizuri lakini gari bado linachemka baada ya kubadilisha mota, shika karatasi mbele ya rejeta. Feni iliyofungwa nyuma ya rejeta inapaswa kuivuta karatasi. Ikiisukuma, nyaya za mota zimegeuzwa, na feni inapigana na upepo wa gari.

Kuhusu "kuiweka dairekti"

Kuiunganisha feni kwenye swichi izunguke muda wote kunaweza kukufikisha nyumbani. Kama suluhisho la kudumu, siungi mkono. Mota inakwisha mapema, betri na oltaneta zinabeba mzigo usio na sababu, na msimbo hauondoki kwa sababu waya wa amri bado ni mbovu. Kutoa temostati ni mbaya zaidi: injini inachelewa kupata joto lake, P0128 inaongezeka kwenye orodha, na fundi atakayekuja baada yako anafukuza matatizo mawili akidhani ni moja.

Baada ya kurekebisha

Futa msimbo sasa. Lakini kumbuka kuwa makosa mengine ya saketi hii huonekana tu pale kompyuta inapoiamuru feni. Ukizunguka mtaa mmoja injini ikiwa ya uvuguvugu, hujathibitisha kitu. Liache gari likiwa limesimama, AC imezimwa, mashine ikionyesha joto, hadi feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili. Kisha washa AC isikike tena. Ukimaliza, zima injini na uguse plagi ya feni na soketi ya rilei kwa kidole: ikiwa moja ina joto kuliko nyaya zinazoizunguka, kazi bado haijaisha.